Uzi Mwekundu Kwenye Nta

Kwa miaka ishirini na saba uzi wangu mwekundu ulikuwa ukipungua, na sikujua unakwenda wapi.

Mimi ni fundi cherehani, na nyuzi zangu nazijua kuliko ninavyoujua umri wangu. Nyeusi na nyeupe huisha kwa sababu zinafanya kazi kutwa kucha. Nyekundu naigusa kwa nadra, labda mtu alete gauni la sherehe au sweta la shule. Lakini kila nilipoitaka niliikuta imeliwa nusu. Niliwasingizia panya, nikatega mtego, wala panya hawakuja. Nilimshuku mama mkwe, Mungu amrehemu, ambaye hakuweza kuona kitambaa kimelala bila kukitarizi. Nilipomuuliza alininunia wiki nzima. Mke wangu sikumshuku hata siku moja, maana mke wangu hajui kushona hata kifungo.

Mke wangu kazi yake ni kukata nyama. Si nyama ya bucha. Daktari akikwanyua kipande cha uvimbe kwenye mwili wa mgonjwa, kipande kisichozidi punje ya mahindi, hukitia kwenye kichupa cha formalini kisioze, kisha kichupa hupelekwa maabara kwake. Yeye hukitoa maji, hukizamisha kwenye nta ya moto, na nta ikiganda huwa kitofali cheupe kinachoenea kiganjani. Halafu hukikata kwa mashine, utando baada ya utando, mwembamba kiasi kwamba ukicheka karibu nao umeupoteza. Utando hubandikwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na daktari akiutazama kwa hadubini ndipo anaposema: hii ni saratani, au hii siyo. Mgonjwa hamjui kabisa mke wangu. Madaktari humkumbuka siku kioo kikitoka kibaya.

Tulivyokutana ni hivi. Alikuja dukani kwangu na koti jeupe la kazini, anataka nimpunguzie mikono. Nikapunguza. Akalivaa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza yangu, akaitazama weee, kisha akasema, "Fundi, wa kushoto umezidi." Nikachukua tepu kumwonyesha kwamba anakosea. Ulikuwa umezidi, kwa upana wa uzi. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaanza kuulizia anakaa wapi.

Hospitalini walimpa jina la Mama Nta, na hakulikataa. Alikuwa na chumba chake chini ya ghorofa, mwisho wa korido, mlango wa chuma unaokwama hadi uusukume kwa nyonga. Ndani kulikuwa na makabati ya bati toka sakafuni hadi darini, na kwenye kila droo vitofali vya nta vimepangwa safu safu, kila kimoja na namba yake ya penseli. Maelfu. Miaka ya watu. Nta haipendi joto, kwa hiyo feni mbili zilizunguka humo mwaka mzima, na moja ikiharibika mke wangu aliitengeneza kabla ya kuitengeneza ya kwetu nyumbani. Nilishalalamikia jambo hilo, nikanyamaza.

Sasa, miaka mitatu iliyopita, Profesa wa tiba ya mionzi alishuka mwenyewe hadi kwenye mlango ule unaokwama. Profesa ni mama mrefu, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha akakaa kimya mpaka mtu ajibu kwa kuuogopa ule ukimya. Alikuwa na jambo limemkaa kooni tangu ujana wake. Jioni mke wangu alinieleza huku natia uzi kwenye sindano, naye akaniambia niache sindano kwanza nimsikilize, kwa hiyo nikajua ni kubwa.

Wanawake wawili wanakuja na saratani ya mlango wa kizazi. Uvimbe ukubwa uleule, umri uleule. Wanalala chini ya mashine ileile ya mionzi, siku zilezile ishirini na tano. Mmoja anapona, anarudi kwenye biashara yake ya mboga mpaka anaona wajukuu. Mwenzake, baada ya miezi minane, uvimbe umerudi, tena kwa hasira. Kwa nini? Profesa aliamini kwamba jibu limo ndani ya uvimbe wenyewe, tangu siku ya kwanza, kabla mashine haijawashwa. Kuna alama, alisema, protini fulani inayoisaidia saratani kujikarabati kila mionzi inapoibomoa. Ukiiona mapema, unajua nani mionzi itamtosha, na nani aongezewe dawa nyingine toka mwanzo, badala ya kumchoma bure kisha kumwambia pole. Protini hiyo ina jina la herufi na namba ambalo halijawahi kunikaa kichwani. Mimi naiita Mkorofi, na mke wangu ameshazoea.

Vya kupimia vilikuwa tayari chumbani kwa mke wangu: vitofali mia mbili na kumi na vinne vya wanawake waliotibiwa kwa mionzi zamani, na faili zao zinaonyesha nani alipona na nani uvimbe ulirudi. Mpango ulikuwa rahisi hata kwangu. Kata utando kutoka kila kitofali, tia rangi inayomtafuta Mkorofi. Kioo kikigeuka kahawia, yumo. Kikibaki cheupe, hayumo. Kisha fungua faili uone kama kahawia ndio waliorudiwa na uvimbe.

Kazi alipewa daktari kijana ambaye manesi walikuwa wakimwita Daktari Haraka, kwa sababu hata ngazi alizipanda mbili mbili. Si mtu mbaya. Ana akili nyingi na miguu inayoitangulia. Alivipakia vitofali kwenye toroli akavipeleka ghorofa ya tatu, kwenye mashine mpya ya kutia rangi, na vijana wake wakakata wenyewe. Mke wangu aliombwa funguo, hakuombwa ushauri. Alirudi nyumbani akaniambia, "Wamevichukua." Kama mtu aliyechukuliwa watoto. Nikamwambia watavirudisha, si vitofali tu? Nililala bila kusemeshwa.

Miezi minane baadaye walifungua faili, wakakuta vurugu tupu. Wanawake waliorudiwa na uvimbe walikuwa tisini na wanane, na zaidi ya nusu yao vioo vyao vilikuwa vyeupe pe, kama vile Mkorofi hajawahi kupita humo. Alama isiyoonekana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wanaohusika ni alama ya nini? Profesa alikaa kimya siku nyingi. Daktari Haraka hakukaa kimya. Alitafuta mchawi, na mchawi akapatikana.

Siku hiyo mke wangu alikuja moja kwa moja dukani, jua bado liko juu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaweka barua juu ya meza yangu ya kukatia na kukaa kwenye kiti cha wateja. Nikavaa miwani. Barua ilikuwa ya Daktari Haraka kwenda kwa Profesa, nakala kwake. Ilisema vitofali tisini na vitatu vimekutwa na uchafu ndani ya nta, na uchafu huo umekwanguliwa. Ilisema hiyo ni dalili ya uzembe wa miaka mingi, na ndiyo sababu ya utafiti kuharibika. Ilipendekeza mambo matatu: utafiti usimamishwe, hazina yote ya vitofali ichomwe kwa kuwa haiaminiki, na mhusika apewe onyo la maandishi litakaloingia kwenye faili lake kabla hajastaafu. Alikuwa amebakiza miaka miwili. Kikao kilikuwa Alhamisi, siku mbili mbele.

Mwanamke aliyeona kosa la upana wa uzi kwenye mkono wa koti, leo anaitwa mzembe! Mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa kazini, hata siku binti yetu alipoumwa uchungu wa mtoto wa kwanza! Nilivaa viatu. Nilikuwa tayari kupanda hizo ngazi mbili mbili mimi mwenyewe nikampe yule daktari ukweli wake mbele ya vijana wake. Nilipofika mlangoni nikarudi kuichukua barua, ili nimsomee maneno yake mwenyewe, na hapo ndipo nikaona sentensi niliyoiruka. Uchafu huo, iliandikwa, ni vipande vya uzi mwekundu.

Nikavua viatu.

"Mama watoto," nikasema, "uzi mwekundu?"

Akainamia mikono yake.

"Uzi mwekundu wa nani?"

"Wa kwako," akasema.

"Wa kwangu! Miaka yote hii! Mama yako amekwenda kaburini nikiwa nimemshuku!"

"Alikununia ili asiseme, na wewe hukukosea kumshuku," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa ananichukulia. Alipofariki, nikawa nachukua mwenyewe."

Nilikaa kwenye cherehani. Na yeye, ambaye hajawahi kunieleza, akaanza kunieleza.

Mwaka wake wa kwanza kazini, Jumatatu moja, aliletewa kipande cha titi la mwanamke mmoja. Wakatia rangi ya kutafuta kama saratani ile inasikia dawa fulani. Kioo kikatoka cheupe, daktari akaandika: hasikii. Mwezi mmoja baadaye yule mwanamke akakatwa kipande kingine, safari hii Jumatano, na kioo kikatoka kahawia hadi pembeni. Mwanamke yuleyule, uvimbe uleule. Alipewa dawa yake, akaanza kupata nafuu, lakini ule mwezi aliokaa bila dawa mke wangu hakuusahau. Alichunguza hadi akajua. Kipande cha kwanza kilikatwa Ijumaa, kliniki ya wanawake ilikuwa Ijumaa, na maabara hufungwa Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo kilikaa kwenye formalini siku tatu. Siku moja formalini huihifadhi nyama. Siku tatu huikaza, inazifunga zile protini hadi rangi haipati pa kushika. Kioo kinatoka cheupe, na mtu anaapa kwamba hakuna kitu.

"Ukikichemsha kile kioo kwenye maji ya dawa, zinafunguka," akaniambia. "Vioo vya kawaida dakika ishirini. Hivi vya Ijumaa vinataka arobaini. Nilijaribu mwenyewe kwenye sufuria ya presha."

Aliomba kliniki ihamishwe siku. Nani atahamisha kliniki kwa ombi la binti wa maabara? Aliomba basi iandikwe kwenye daftari. Daftari lilikuwa na safu moja tu ya tarehe, nayo ilikuwa ya siku kitofali kilipotengenezwa. Cha Ijumaa na cha asubuhi ile kutoka wodini vyote viliandikwa Jumatatu, na bosi wa wakati ule hakutaka safu mpya. Kalamu ingefutika kwenye dawa za kusafishia, na alama ya penseli ingepotea kati ya namba. Ndipo akakumbuka ana mume fundi. Kila kitofali kilichokaa formalini kupita kiasi, kabla nta haijaganda, alitumbukiza pembeni, mbali na nyama, kipande cha uzi mwekundu cha urefu wa ukucha. Bosi alipoona akamuuliza kama yeye ni mtaalamu au mganga wa kufunga watu nyuzi. Wote maabara wakacheka. Toka hapo hakumwambia mtu, ila hakuacha. Kila aliyemjia na kitofali chenye uzi alimchemshia dakika arobaini kimyakimya, na vioo vyake vikasifiwa.

"Ghorofa ya tatu wamechemsha vyote dakika ishirini," nikasema, taratibu, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimeanza kuona.

Alikuwa amefungua kurasa za mwisho za barua. Daktari Haraka alikuwa ameambatanisha orodha ya vitofali vyote vichafu, namba kwa namba, na picha ya kila kimoja kabla ya kukwanguliwa. Mke wangu alipitisha kidole kwenye namba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Halafu akaanza kucheka. Nilidhani kichwa kimemruka. Machozi yalikuwa yakimtoka na anacheka, akanishika mkono akasema, "Baba watoto, hii si orodha ya uchafu. Kaniandikia daftari langu!"

Ya kikao nayasimulia kama alivyonisimulia, na mke wangu hana tabia ya kutia chumvi. Walikuwa saba kuzunguka meza. Daktari Haraka alisema yake kwa dakika tano, akakaa. Mke wangu akasimama na ile barua.

"Mwanangu," akamwambia, "nani amekusaidia kuiandika hii orodha?"

"Nimeiandika mwenyewe, Mama. Nimevikagua vyote, kimoja kimoja."

"Una uhakika hukuruka hata kimoja?"

"Hata kimoja." Na hapo, alisema mke wangu, kijana akakaa wima zaidi.

"Basi nakushukuru sana," akasema. Akawaeleza yote: Ijumaa, formalini, dakika arobaini, uzi.

"Lakini kwa nini hukuandika mahali, Mama?" Daktari Haraka akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi, moja moja.

"Niliandika. Kwa uzi. Wewe ukaukwangua."

Mtu mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Profesa hakucheka. Alimtazama mke wangu, akauliza, "Utajuaje kwamba unachosema ndicho kilichotokea, na si kisingizio kizuri tu?" Kisha akakaa kimya kwa ule ukimya wake. Wengi hubabaika hapo. Mke wangu ameishi na mimi, ukimya haumtishi.

"Nipe hivyo tisini na vitatu," akasema. "Nitavikata upya na kuvichemsha dakika arobaini. Badilisheni namba nisijue ni vya nani. Watakaosoma rangi nao wasijue. Faili akae nalo mtu wa takwimu, alifungie. Vikitoka vyeupe, chomeni chumba na mniandikie onyo."

"Wiki ngapi?"

"Tatu. Na sufuria yangu."

Wiki hizo tatu nilipika mimi, na tulikula nilichopika, basi. Alikuwa akirudi vidole vimekunjamana, anakaa, ananinyooshea mikono nimkande. Nilimuuliza kama vinageuka kahawia. Vingine ndiyo, vingine hapana, alisema, lakini kugeuka si hoja. Hoja ni kama vinageuka vya wanaohusika, na hilo limo kwenye faili lililofungwa. Niligundua ananiogopea kuliko anavyojiogopea. Mimi nilikuwa nimekosea mashati mawili wiki moja, nikashona mfuko ndani ya mfuko. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Onyo tungelimeza. Lakini kile chumba kichomwe, miaka ishirini na saba ya mikono yake iwe jivu na jina la mzembe juu yake, nilijua kitakachobaki nyumbani kwangu baada ya hapo hakitakuwa yule mwanamke wa mkono wa kushoto.

Siku ya kufungua faili aliniambia niende naye. "Magoti yangu siyaamini," alisema. Nilimshonea koti jipya kwa ajili ya siku hiyo, na mikono nikaipima mara nne. Profesa aliniona nimesimama mlangoni kama mdaiwa, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, "Mimi ndiye mwenye uzi." Akanionyesha kiti.

Mtu wa takwimu alikuwa bwana mwembamba, mwenye kikohozi na karatasi mbili. Alisoma kwa sauti ile wanayosomea matangazo ya maji kukatika.

"Vioo tisini na vitatu. Vyenye alama, arobaini na vinane. Visivyo na alama, arobaini na vitano." Akakohoa. "Kati ya wanawake arobaini na wanane wenye alama, waliorudiwa na uvimbe ni..." Akageuza karatasi. Nilitaka kumkaba. "Arobaini na wanne."

Mke wangu akanishika mkono.

"Kati ya wale arobaini na watano wasio na alama, waliopona na hawakurudiwa: thelathini na tisa."

Akaiweka karatasi ya kwanza chini, akachukua ya pili, na sasa hata yeye sauti ilikuwa imebadilika. "Tukiviunganisha na vingine vyote, wanawake waliorudiwa na uvimbe ni tisini na wanane. Mwanzo alama iliwaona arobaini na mmoja. Sasa imewaona themanini na watano."

Profesa, yule mama wa ukimya, alipiga meza kwa viganja vyote viwili hadi vikombe vikaruka. "Ilikuwemo!" akasema kwa sauti kubwa. "Ilikuwemo muda wote! Ilikuwa chini, kwenye droo!" Akazunguka meza yote, akamkumbatia mke wangu hadi koti jipya likakunjamana, na sikujali. Watu walisimama. Mtu wa takwimu alikohoa na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Mimi nililia, tena kwa sauti, wala sikutafuta leso. Miaka yote nilidhani mke wangu ananiibia, kumbe alikuwa akiwawekea akiba wanawake asiowajua.

Daktari Haraka alibaki mwisho. Alikuja, akasimama mbele yake kama mwanafunzi. "Mama, nimekukosea sana. Naomba ile barua niichane, niandike nyingine."

"Uichane?" mke wangu akasema. "Hiyo barua ni yangu. Ina namba zote tisini na tatu, na picha juu." Aliitia kwenye fremu, akaitundika chumbani kwake chini, karibu na feni. Ya pili alimruhusu kuiandika, na ndiyo iliyoingia kwenye faili. Kijana akatumwa ghorofa ya chini miezi sita ajifunze kukata. Wiki ya kwanza alitoa tando zilizochanika tupu. Wiki ya mwisho alimwonyesha mwalimu wake utando mmoja akitarajia sifa, akaambiwa upande wa kushoto umezidi.

Profesa hakukimbilia kutangaza. Alipeleka alama ile ikajaribiwe kwenye hospitali nyingine mbili, kwa wagonjwa wengine na madaktari wasiomjua, na kote huko ikasimama. Utafiti ulipochapishwa, jina la mke wangu lilikuwa la tatu kwenye orodha ya waandishi, na katikati ya maelezo yale magumu kulikuwa na sentensi moja inayosema kwamba vitofali vilivyokaa formalini kupita kiasi vilitambuliwa kwa uzi mwekundu. Nimeikata nikaibandika juu ya cherehani yangu. Na kliniki ya wanawake ikahamia Jumanne. Ombi la miaka ishirini na saba, hatimaye likachukua dakika kumi.

Mgonjwa wa kwanza ambaye kipimo kile kilimbadilishia tiba alikatwa kipande siku moja kabla ya sikukuu. Maabara ikafungwa, kikakaa siku nne. Mke wangu aliporudi kazini akakitumbukizia uzi, kama kawaida, na waliokuja kukipima wakauona, wakachemsha dakika arobaini. Kahawia. Aliongezewa dawa toka mwanzo pamoja na mionzi. Juzi ametimiza mwaka na nusu, na Profesa alimpigia simu mke wangu kumwambia neno moja tu, "Safi." Mke wangu alizima simu akakaa kitandani, akaniambia, "Kwa dakika ishirini tungemwambia hana." Akarudia tena. Nilimshika mikono.

Amestaafu mwezi uliopita, faili lake halina doa. Sasa anakaa dukani kwangu kutwa kunikosoa.

Jana nilikuwa na mteja, mama mmoja mwenye gauni jekundu la harusi ya mwanawe, anataka pindo limalizike akiwa amekaa palepale. Uzi mwekundu ulibaki roli moja. Nimeshautia kwenye sindano, mara Daktari Haraka huyo mlangoni, anahema.

"Shikamoo, fundi. Maabara tumeishiwa uzi. Kuna vipande vinne vimechelewa njiani kutoka hospitali za mbali, nta iko motoni."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anaangalia nje, kama vile hayamhusu.

Nikauchomoa uzi kwenye sindano, nikampa daktari roli nzima, na mwenye gauni nikamwambia arudi kesho.